Kete ya Mia Mbili Hamsini na Sita

Shimo la Javan pale Osiri lilikuwa na futi mia moja na themanini kwenda chini, na kabla ya kompyuta kuja, kitu kilichotulinda kilikuwa debe la mafuta ya kupikia. Lilining'inia kwenye mdomo wa shimo. Mimi ndiye niliyelipiga, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa juu kwenye winchi. Kanuni ilikuwa fupi na kila mchimbaji aliijua kabla hajashika nyundo: debe likilia, maji yanakuja, panda. Debe likinyamaza, maji yametulia, rudi. Mtu akiwa katikati ya ngazi na debe likakoma, aligeuka hapo hapo akashuka mbio, maana mawe aliyovunja yalikuwa yake mpaka zamu yake iishe tu. Baada ya hapo yalikuwa ya waliofuata.

Naitwa Wangwe. Mimi na mdogo wangu Cephas ni watu wa Kisegi, ziwani. Niliacha shule darasa la tano, na sijawahi kulilia darasa la sita. Cephas alimaliza la nane. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mwogeleaji kuliko wote niliowajua. Akiwa mdogo alikuwa akipita chini ya mtumbwi wa baba na kutokea upande wa pili akicheka. Nyavu zilipoanza kurudi tupu tulihamia Osiri kutafuta dhahabu. Mimi nilikataa kuingia chini. Yeye akaingia.

Chini kulikuwa hivi. Ukifika mwisho wa ngazi ulisimama juu ya mbao. Chini ya mbao kulikuwa na kisima tulichokichimba ili maji yote ya shimo yakusanyike humo, na ndani ya kisima ilikaa pampu. Kutoka kwenye mbao njia ilienda kando kufuata mshipa wa dhahabu. Njia hiyo haikuwa sawa. Ilishuka kwanza, kisha ikapanda, kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na mahali pa kuvunjia mawe palikuwa ng'ambo ya tumbo. Kwenye tumbo lenyewe ulipita ukiwa umeinama. Maji yakijaa pale, aliye ng'ambo hana njia nyingine.

Mwaka wa tisini na saba, kabla ya mvua kubwa, Javan alileta sanduku la chuma la ukubwa wa redio ya kaseti. Alilinunua kutoka shamba la maua lililokuwa limefungwa, ambako lilichunga tangi la maji. Pamoja nalo alimleta Walter, fundi wa redio kutoka Homa Bay, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyeanza kupata upara, mpole, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa chochote. Walter alitumbukiza kidude mwishoni mwa waya mpaka chini kabisa ya kisima. Kidude kilipima uzito wa maji juu yake na kutuma habari juu, na sanduku likaandika kwa taa nyekundu maji yana kina cha sentimita ngapi. Yakifika sitini, sanduku liliwasha pampu. Yakishuka chini ya ishirini, lilizima, kwa sababu pampu ikivuta hewa inaungua. Yakizidi mia mbili, king'ora kililia.

Kwa hiyo debe likapumzishwa. Rispa, mama aliyetuuzia chakula, akalichukua akawa anachemshia nyoyo, mahindi na maharage ya kuchanganya.

"Kompyuta ni ile yenye televisheni," Mokaya alisema siku ya kwanza. Mokaya alikuwa Mkisii wa Nyamache, mzee wa zamu, mguu wake mmoja mbovu. "Hii ni sanduku la betri. Javan ameuziwa hewa."

"Televisheni ni ya kukuonyesha wewe," Walter akamjibu. "Yenyewe haina haja ya kuona. Ina haja ya kukumbuka namba moja."

"Inakumbukaje na haina kichwa?" Cephas akauliza.

Tulikuwa kwenye kibanda cha Rispa, na Cephas alikuwa magotini na ubao wake wa ajua, bao la kwetu Waluo, kama kawaida. Walter akauomba. Akatoa kete zote, akaacha safu moja, vishimo vinane.

"Hiki ndicho kichwa chake," akasema. "Vishimo vinane. Kila kishimo kina kete moja au hakina kitu. Mbili haziwezi kukaa pamoja."

"Hapo umeshaharibu mchezo."

"Sikiliza, omera, ndugu yangu. Kishimo cha kwanza huku kulia, kete yake ni moja. Cha pili, kete yake ni mbili. Cha tatu, nne. Kinachofuata nane. Kila ukienda kushoto unazidisha mara mbili, mpaka cha mwisho, ambacho kete yake ni mia moja ishirini na nane. Nikitaka tano naweka wapi?"

Cephas alifikiri kidogo, akaweka kete kwenye cha tatu na cha kwanza. "Nne na moja."

"Umekuwa kompyuta."

Gisiri akacheka mpaka akamwaga chai. Gisiri alikuwa Mkuria kutoka milimani, mwenye mabega kama mlango, na kitu alichokiogopa duniani kilikuwa maji yaliyopita magoti. "Kama Cephas ni kompyuta," akasema, "mimi ni gavana wa benki kuu."

Cephas hakumjali. Alikuwa amejaza vishimo vyote vinane. "Na hapa?"

"Hapo ni mia mbili hamsini na tano. Ndio mwisho."

"Nikiongeza moja?"

"Ongeza."

Cephas akaishika kete hewani. Kishimo cha kwanza kilikuwa na mwenyewe. Walter akamwonyesha: mbili haziwezi kukaa pamoja, kwa hiyo kishimo kinabaki kitupu na kete moja inasogea cha pili. Nacho kina mwenyewe, kinabaki kitupu, inasogea cha tatu. Hivyo hivyo mpaka cha nane. Cephas akafika mwisho wa ubao na kete mkononi na hakuna kishimo.

"Inaenda wapi?"

"Inaanguka chini."

Akaiachia. Ikaanguka kwenye mavumbi kati ya miguu yake. Ubao ulikuwa mtupu.

"Sasa sanduku linasema ngapi?"

"Sifuri."

"Na maji?"

"Maji yako pale pale. Lakini sanduku halioni kete iliyo chini. Linaona ubao mtupu. Hata halijui kama hayo ni maji. Linajua kete tu."

"Huo ni mchezo wa wezi," Cephas akasema. "Kwetu kete ikifika mwisho inazunguka. Haipotei."

Walter akafuta mikono. "Usijali. Kisima chenu kina mita mbili. Ni sentimita mia mbili. Haziwezi kufika mia mbili hamsini na tano, zitakuwa zimemwagika kitambo, na nyinyi mko huku juu mnakunywa chai."

Ilikuwa kweli. Siku aliyoisema ilikuwa kweli.

Mvua ikaanza Oktoba na haikutaka kukoma. Redio iliipa jina lake, El Nino, na mpaka watoto wakawa wanaliimba. Barabara ya Homa Bay ilikatika mara kwa mara. Katika wiki hizo mke wa Walter alijifungua, na Walter akaenda nyumbani kwake. Jumapili moja Javan alitazama kisima akasema ni kidogo mno kwa mvua kama hii; tukiongeze mita moja ili kibebe maji zaidi na watu wawe salama. Alisema vizuri. Hata mimi ningesema hivyo. Cephas na Gisiri wakachimba kutwa nzima, wakafikisha mita tatu, na Cephas mwenyewe akakishusha kile kidude cha Walter mpaka chini kabisa, akakifunga jiwe kisiyumbe. Alipanda juu akiwa tope tupu, anajisifu kwamba sasa tuna bahari.

Walter alirudi Jumatano jioni, amechoka, kiatu kimoja kimeliwa na tope. Hakuna aliyemwambia habari ya kisima. Kuchimba ni kazi ya sururu. Yeye alikuwa mtu wa waya. Hatukuziweka pamoja akilini.

Asubuhi yake waliingia watatu: Cephas, Gisiri na Mokaya. Mimi nilikuwa kwenye winchi, Javan amesimama karibu na sanduku chini ya mabati. Mvua ilikuwa nyepesi. Sikusikia kishindo chochote. Namba ilianza tu kukimbia. Baadaye tulijua ukuta wa shimo la zamani la wazungu, lililokuwa limejaa maji ya miaka, ulikuwa umepasuka upande wa kisima. Pampu ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote na namba bado inapanda. Mia na themanini. Mia na tisini. King'ora kikalia.

Nikachungulia. Mbali chini niliona tochi tatu zikija kwenye ngazi, tochi tulizokuwa tukizifunga kichwani kwa mpira wa tairi. Zilipanda vizuri. Cephas alikuwa wa mbele. Nilimjua kwa namna alivyorusha mwili. Nikaangalia namba: mia mbili thelathini, mia mbili arobaini na nane, mia mbili hamsini na tano. Kisha sifuri tatu.

King'ora kikakata. Pampu nayo ikazima. Ilibaki jenereta peke yake ikinguruma na mvua kwenye mabati.

"Umeona?" Javan akaniambia, uso umefunguka. "Imemaliza maji yote."

Hakuna aliyewaambia wale watu warudi. Ukimya uliwaambia. Nilisikia Cephas akipiga kelele, "Haya, tushuke, mawe yetu hayo!" na tochi mbili zikageuka. Ya tatu, ya Mokaya, ilibaki kwenye ngazi. Mguu wake ulikuwa umekaza na alikuwa akiusugua. Juu ya mbao wasingeona kitu. Zilikuwa zimefunikwa tope, na kisima kiko chini yake, kimebakisha urefu wa mkono kijae.

Walter alitokea kibandani kwa Rispa na kikombe cha uji, anatembea taratibu, amesikia king'ora kimenyamaza kama sisi wote. Aliangalia sanduku. Liliandika kumi na tisa. Kisha ishirini na tatu.

"Pampu imezima lini?"

"Sasa hivi," nikasema. "Imemaliza maji."

"Namba ilikuwa ngapi kabla?"

"Mia mbili hamsini na tano."

"Wangwe, nisikilize. Ilishuka ikapita mia mbili, ikapita mia, ikapita hamsini? Ama iliruka?"

"Iliruka."

Aliweka kikombe juu ya sanduku, kikaanguka. "Kisima kina mita ngapi?"

"Tatu," Javan akasema. "Tuliongeza Jumapili. Kwani?"

Rangi ya Walter ilibadilika mbele yangu. Alisema maneno mawili tu. "Kete imeanguka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji hayakuwa sentimita ishirini na tatu. Yalikuwa hizo na mia mbili hamsini na sita juu yake.

Namba ilifika arobaini na nne ikasimama.

"Basi imesimama," Javan akasema. "Yametulia."

"Imesimama kwa sababu kisima kimejaa," Walter akasema. "Yanamwagika kwenye njia. Na pampu haitawaka. Inangoja sitini, na sitini haitafika." Alikuwa ameshavunja mfuniko wa sanduku kwa bisibisi. "Lete debe! Lete kitu chochote kipige kelele!"

Nilikimbia kwa Rispa. Debe lilikuwa jikoni, linatokota nyoyo. Nililishika kwa mikono miwili nikalipindua, mahindi na maharage yakatapakaa chini, ngozi ya viganja vyangu ikabaki kwenye bati.

"Wewe mwendawazimu!" Rispa akapaza sauti. "Nani atalipa—" Kisha akaniona uso, akanipisha njia.

Nilipiga debe lile kwenye mdomo wa shimo mpaka likabonyea. Walter alikuwa ameunganisha waya kwa waya, moja kwa moja kwenye pampu, bila kuliuliza sanduku lolote, na pampu ikaamka. Sauti ya Mokaya ikatoka chini, nyembamba.

"Tumbo limejaa! Limejaa mpaka juu!"

"Cephas yuko wapi?"

"Ng'ambo! Na Gisiri! Wako ng'ambo!"

Nilimpa Javan winchi na debe, nikashuka. Mimi niliyekataa kushuka miaka yote. Mokaya alikuwa amesimama kwenye mbao, maji yanapita juu ya vifundo vyake yakielekea kwenye njia kama mfereji. Mahali njia ilipoinama hapakuwa na njia tena. Palikuwa na maji ya rangi ya chai yanayogusa mwamba wa juu.

"Niliwasikia wakigonga," Mokaya akasema. "Nyundo kwenye mwamba. Kisha wakaacha."

Nikaokota jiwe nikagonga ukuta kwa nguvu. Tukangoja. Kutoka ng'ambo, mbali sana, nyundo ikajibu. Ko. Ko.

Mokaya alinishika shingo akanikumbatia. "Wako hai! Mungu wa mama yangu, wako hai wote wawili!"

Kazi ilikuwa hii: pampu ipunguze kisima kwanza, maji yaache kumwagika, ndipo tuivute ile pampu mpaka kwenye tumbo tulikaushe. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Yaliyoingia na yaliyotoka yalikuwa sawa. Tulisimama humo tukitetemeka, kila baada ya kitambo nagonga, na kila mara najibiwa. Niliongea naye kwa moyo. Nilimwambia akae, asihangaike, kaka yake yuko hapa.

Hatimaye lile shimo la wazungu likaanza kuishiwa. Maji juu ya mbao yakapungua, yakaisha, kisima kikaanza kushuka. Na hapo hapo, juu, king'ora kikalia.

Mokaya akarukia ngazi. Juu tulisikia watu wanapiga mayowe na Rispa analia kama msibani. Mimi mwenyewe mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Kisha sauti ya Walter ikaja, imekwaruza: "Msipande! Yanashuka! Namba imerudi mia mbili hamsini na tano, yanashuka!"

Fikiria jambo hilo. Sanduku lilinyamaza maji yalipotuzidi, na sasa maji yanaondoka ndipo linalia. Nilimulika ukuta wa kisima. Alama ya tope ilikuwa juu, maji yako chini yake kwa urefu wa mkono. Niliyaamini macho yangu.

"Shuka, Mokaya," nikasema. "Hilo linaongopa kwa pande zote mbili."

King'ora kikakatika, Walter alikuwa ameng'oa waya wake. Tuliivuta pampu nje ya kisima, mimi na yeye Mokaya na mguu wake mbovu, tukaiburura na mpira wake mpaka kwenye tumbo, tukaizamisha. Maji yakaanza kuacha mwamba wa juu. Kwanza ufa mwembamba wa giza, kisha nafasi ya mkono, kisha ya kichwa.

Kichwa kilikuwepo.

Alikuwa amelala kifudifudi, kamba ya mfuko wake wa tindo imenasa kwenye kijiti cha nguzo. Kichwa kilielekea kwetu. Alikuwa ameshapita sehemu ya chini kabisa ya tumbo na kuanza kupanda upande wetu. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Pale niliposimama nikigonga kwa jiwe, alikuwa mbele ya miguu yangu.

Mokaya aliita jina la Gisiri, na Gisiri akajibu kutoka ng'ambo. Nyundo ilikuwa yake. Tangu mwanzo ilikuwa yake peke yake.

Tulimtoa Cephas kwa winchi, amefungwa kama gunia la mawe, na jua bado liko juu.

Tulimpeleka Kisegi kwa pikapu ya Javan, kwa njia ndefu, maana daraja lilikuwa limechukuliwa. Watu wa ziwani walimwangalia kwenye jeneza na walisema walichosema kwa sauti ya chini: mtoto wa ziwa anakufaje maji mlimani. Walter alikuja. Nilidhani hatakuja. Alisimama nyuma ya watu, mikono mfukoni. Baadhi ya vijana walitaka kumtoa. Niliwaambia atakayemgusa aanze na mimi.

Baada ya maziko tulikaa nyuma ya nyumba, Gisiri, Walter, mimi na Millicent, mke wa Cephas. Alikuwa na ubao wa ajua mapajani. Sijui nani alimpa. Gisiri alikuwa akiangalia chini.

"Shemeji," Gisiri akaanza, "kuna maneno yake. Nikikaa nayo yataniua."

"Sema," Millicent akasema.

"Maji yalipotufungia tulipanda juu ya mawe, mahali pakavu. Hewa ilikuwepo. Tuligonga kidogo. Mimi nilikuwa nalia, sifichi. Yeye alikuwa anafikiri. Akaniuliza, king'ora kimenyamazaje na maji ni mengi hivi? Kisha akajipiga paji la uso. Akasema, kete imeanguka chini. Sikumwelewa. Akasema, huko juu wanaona sifuri, Gisiri. Pampu imezima na wao wanafurahi. Hawatakuja, kwa sababu hawajui. Tukikaa hapa tutangoja mpaka Jumapili. Lazima mtu aende akawaambie." Gisiri akapangusa pua. "Nikamwambia tungoje. Akaniambia, wewe ngoja, wewe ni wa mlimani. Mimi nimepita chini ya mitumbwi. Alicheka hata. Akavuta pumzi akaingia. Hata mfuko hakuuvua. Alipoingia tu, nikasikia mtu anagonga kutoka kwenu."

 Kuku walikuwa wakichakura mahali pa kupikia.

Millicent akamgeukia Walter. "Ni wewe uliyemfundisha hayo ya kete?"

"Ni mimi, mama."

"Alielewa vizuri?"

"Alielewa kuliko wote."

"Sasa mbona hukumwambia," Millicent akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "kwamba likitokea, na wewe utajua? Kwamba kuna mtu huko juu anayejua?"

 Walter alifuta mikono kwenye suruali, juu chini, juu chini, na haikuwa na kitu. Aliondoka bila kuaga, akatembea kuelekea barabara ya Homa Bay. Nimesikia bado anatengeneza redio huko. Mashine za kupima hagusi.

Mimi nilirudi Osiri. Watu hunishangaa, lakini Millicent ana watoto watatu na ziwa halikuwa limerudisha samaki. Javan alitaka kuleta sanduku lingine, la vishimo kumi na sita, lenye namba zinazofika elfu sitini na kitu. Alisema hilo halijai hata tukichimba mpaka upande wa pili wa dunia. Wachimbaji walimkatalia. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na katikati ya ugomvi Mokaya alisema jambo lililotuliza wote. Alisema kosa halikuwa la sanduku peke yake. Sanduku lilinyamaza, na sisi ndio tuliofundishwa tangu zamani kwamba ukimya ni usalama.

Kwa hiyo tumegeuza kanuni. Debe limerudi, lile lile lililobonyea. Rispa alinunuliwa sufuria. Siku hizi watu wakiwa chini debe linalia muda wote, polepole, pigo baada ya pigo, kutwa. Linapolia, fanya kazi. Likinyamaza, kwa sababu yoyote, hata kama mpigaji amekufa, tupa nyundo upande, panda.

Mpigaji ni mimi. Viganja vyangu vilipona vibaya na jioni havifungi. Mara nyingine usingizi hunishika au naenda haja, na ninaporudi nawakuta wameshapanda futi zote mia moja na themanini, wanahema, wameloa, wananitukana. Mokaya hutukana kwa Kikisii. Gisiri hutukana kwa Kikuria, matusi marefu yenye mama yangu ndani. Siwajibu. Nakaa nimeshika kijiti changu nasikiliza, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wamenitukana.